Michezo ya kadi darasani: maswali ambayo walimu huuliza mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye semina, kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) na zaidi kwenye kibaraza cha ofisi ya walimu, muulizaji akiwa na mkasi mkononi. Mimi nafundisha Hisabati na Kiswahili shule ya msingi, kwa hiyo mifano mingi imetoka huko.

## Mambo ya msingi

Mchezo wa kadi wa kujifunzia ni upi hasa? Si zilezile kadi za silabi ninazoonyesha darasani?

Hapana. Kadi unazoinua mbele ya darasa ni zana yako wewe. Unaonyesha, wao wanaitika "ba, be, bi". Kwenye mchezo, kadi ziko mikononi mwa watoto, kuna zamu, kuna kanuni, kuna kushinda na kushindwa, na wewe unapita tu katikati ya madawati.

Kipimo changu ni kimoja: je, mtoto asiyelijua somo anaweza kushinda kirahisi kama anayelijua? Kama anaweza, basi hapo kuna mchezo lakini hakuna somo. Nimeona mchezo wa kadi zenye picha nzuri za viungo vya mwili, watoto wanachangamka kwelikweli, kumbe wanalinganisha rangi za picha tu. Hakuna hata mmoja aliyesoma neno.

Ubao upo, chaki ipo. Kadi za nini?

Piga hesabu. Darasa lina watoto 80. Unauliza maswali ubaoni kwa dakika 15, kila swali nusu dakika: hayo ni maswali 30. Watoto 50 hawakuguswa kabisa, na ukweli ni kwamba katika wale 30, mikono ni ileile ya kila siku. Sasa wagawe makundi ya wanne wanne. Kwa dakika 15 zilezile kila kundi linapata zamu 30, yaani kila mtoto anajibu mara 7 au zaidi.

Halafu kuna aibu. Mtoto anayekosea mbele ya wenzake watatu hainamishi kichwa kama anayekosea mbele ya darasa zima. Hilo pekee lingenitosha.

Kadi zinafaa kufundishia mada mpya?

Hazifai. Fundisha kwanza, kadi zije kukazia. Mtoto ambaye hajaelewa sehemu kama 3/8 ni nini hataielewa kwa sababu imeandikwa kwenye manila.

Nicheze nao mara ngapi, na kwa muda gani?

Mara moja au mbili kwa wiki. Katika kipindi cha dakika 40, mchezo upewe 15, kugawa na kukusanya kadi 5, na dakika 5 za mwisho zibaki za kuzungumza (sababu iko kwenye swali la kundi linalokubaliana kosa). Kwa darasa la kwanza na la pili, dakika 10 za mchezo zinatosha.

## Kutengeneza kadi

Shule haina bajeti. Naanzia wapi?

Karatasi moja ya manila ya saizi ya A1, ambayo ni sentimita 59 kwa 84, inatoa kadi 81 za sentimita 6.5 kwa 9. Hizo ni seti nne za kadi 20. Ukikosa manila, kata maboksi ya sabuni au ya biskuti, bandika karatasi nyeupe juu kwa uji mzito wa ngano. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati mara tatu unapata kadi 8 bila kuhitaji rula, ila ni laini, zinafaa kwa jaribio la kwanza tu.

Angalizo moja lililonigharimu. Seti yangu ya kwanza niliiandika kwa maka peni nyeusi kwenye manila ya njano. Kijana mmoja akawa anakusanya jozi zote, nikamsifia mbele ya darasa kwamba ana kumbukumbu ya ajabu. Siku ya tatu ndipo nilipoinama usawa wa dawati lake nikaona: wino ulikuwa umepenya hadi mgongoni mwa kadi, na yeye alikuwa anasoma kinyumenyume. Tangu hapo naandika kwa kalamu ya kawaida, au nabandika karatasi mbili pamoja. Kabla ya kugawa, geuza kadi zote na uzitazame kwenye mwanga wa dirisha.

Naweza kutumia karata za dukani?

Kwa Hisabati, ndiyo, na ni rahisi kupatikana. Ondoa wale wenye picha, ubaki na kadi 40 za 1 hadi 10. Nyeusi ziwe chanya, nyekundu ziwe hasi. Mtoto akifunua 4 nyeusi na 7 nyekundu, jibu ni hasi 3. Namba kamili zilizowasumbua wiki mbili ubaoni huingia siku hiyohiyo.

Wakubwa wa darasa hupenda pia kusikia kwamba majina karata, kopa, uru, pau, shupaza na turufu yote ni urithi wa Kireno, na hapo unakuwa umeingiza maneno ya mkopo bila kuitafutia mada hiyo kipindi chake. Lakini kabla hujatoa pakiti mfukoni, soma swali la wazazi na kamari.

Kadi zinapotea. Kila wiki nina seti pungufu.

Kila seti iwe na herufi yake pembeni mgongoni (A, B, C), na bahasha ya kaki iandikwe idadi: "Seti C, kadi 20". Kila kundi lina mtunza seti. Anahesabu akipokea, anahesabu akirudisha. Kadi inayookotwa sakafuni inajulikana kwao ni wapi. Kata kadi tano tupu za akiba kwa kila seti siku ileile ya kutengeneza, kwa sababu manila ya mwakani haitafanana rangi na hii.

## Michezo yenyewe

Nianze na upi?

Anza na jozi. Kadi 20 zinalazwa kifudifudi, 10 za maswali na 10 za majibu. Mtoto anafunua mbili, zikiendana anazichukua na kuongeza zamu, zisipoendana anazirudisha palepale. Kanuni zinaeleweka kwa dakika mbili.

Kuna mtego kwenye kuzidisha. Jedwali la 2 hadi 9 lina maswali 36 tu, ukikubali kwamba 6 × 7 na 7 × 6 ni kitu kimoja. Lakini majibu ni 31, kwa sababu 12, 16, 18, 24 na 36 kila moja lina njia mbili. Ukiweka 3 × 8 na 4 × 6 kwenye seti moja, utasikia ugomvi kabla ya dakika ya tano: kadi ya 24 ni ya nani? Kwa seti ya kwanza, chagua maswali ambayo majibu yake hayagongani. Baadaye gonganisha makusudi, uwaache wabishane.

Una mchezo wa sehemu? Darasa la tano wananitoa jasho.

"Nani mkubwa." Kila mchezaji ana rundo lake, wawili wanafunua kwa pamoja, mwenye sehemu kubwa anachukua kadi zote mbili. Sharti ni moja: hachukui mpaka aeleze kwa nini yake ni kubwa.

Hakikisha 3/8 na 2/5 zimo. Wengi wataipa ushindi 3/8, kwa kuwa 3 ni kubwa kuliko 2, na 8 ni kubwa kuliko 5. Kumbe ukitafuta kigawe kidogo cha shirika unapata 15/40 dhidi ya 16/40. Tofauti ni sehemu moja tu ya arobaini, na mtoto aliyenyang'anywa kadi kwa ajili ya hiyo moja hasahau.

Na ngeli? Kila mwaka wananiandikia "kiti amevunjika".

Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote, mnivumilie kwa urefu.

Tengeneza kadi 48 za nomino, nane kwa kila ngeli: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na U-ZI. Ongeza kadi nne zilizoandikwa WINGI. Usiandike ngeli kwenye kadi, andika neno tu. Unachezwa kama lasti kadi ya vijiweni: kila mmoja ana kadi tano, moja inafunuliwa katikati, na mwenye zamu anashusha kadi ya ngeli ileile huku akitunga sentensi. Juu pana "kiti", anashusha "kijiko" na kusema, "Kijiko kimepotea." Asiye na ya kushusha anaokota. Akikosea upatanisho na mwenzake akamshika, anairudisha kadi mkononi na kuokota nyingine. Akishusha WINGI, anayefuata lazima aseme sentensi yake kwa wingi. Anayemaliza kadi wa kwanza ndiye mshindi, na anayeanza raundi nyingine anafunua kadi mpya ili ngeli zibadilike.

Utamu uko kwenye kuchagua maneno. Katika A-WA, usiweke mtoto na mwalimu tu. Weka kifaru, kipepeo, kipofu na kijana, ambao kwa sura wanafanana na kiti. Kisha weka maneno yenye nyuso mbili. Mbuzi amekula mahindi, lakini mbuzi ya kukunia nazi imeota kutu. Kaa anatembea upande, lakini kaa la moto limezimika.

Mwaka jana kijana alishusha "kiboko" juu ya "kijiko" na kusema, "Kiboko kimekatika." Wenzake wakamrukia: huyo ni mnyama, ni A-WA, okota! Akajibu kwa utulivu, "Si wa mtoni, ni kile cha mwalimu wa zamu." Kundi zima likanigeukia mimi. Nilimpa ushindi, ingawa nilikuwa mimi mwenyewe wa zamu wiki ile.

Sekondari wanaweza kucheza, au ni mambo ya watoto?

Wanaweza, ila usiwaite kwenye "mchezo", waambie ni zoezi. Mfano wa Kemia: kadi za ayoni chanya na hasi, mwanafunzi anaunda kampaundi ambayo chaji zake zinajumlika kuwa sifuri. Aluminiamu ina +3 na salfeti ina −2, kwa hiyo anahitaji kadi 2 za aluminiamu na 3 za salfeti. Wakiziona zimepangwa mezani, zile namba ndogo za chini kwenye fomula zinapata maana.

Kuhusu lugha, kadi iandikwe kwa lugha watakayokutana nayo kwenye mtihani, yaani Kiingereza kwa shule nyingi za sekondari Tanzania. Mabishano ya mezani yaende kwa lugha yoyote. Ukiwalazimisha kubishana kwa Kiingereza, watanyamaza.

## Kuendesha darasa

Nina wanafunzi 90 na madawati yamebanana. Inawezekana?

Inawezekana kwa zamu. Nusu wanacheza, nusu wanaandika zoezi, kisha wanabadilishana. Watoto 45 ni makundi 11, moja likiwa na watu watano, kwa hiyo seti 11 zinatosha shule nzima ikiwa walimu mnaazimana. Dawati moja linaweza kugeuzwa likatazamana na la nyuma yake, watoto wawili kila upande, kadi katikati.

Chini ya mwembe ni pazuri zaidi, lakini kila kundi lije na vijiwe vinne. Upepo wa saa nne haujui jozi wala seti.

Kelele je? Mwalimu Mkuu ana ofisi ukuta wa pili.

Mwambie mapema. Kelele za watu wanaobishana 3/8 zina sauti yake, na mtu akizizoea anazitofautisha na fujo. Ukisikia kicheko kirefu katika kundi moja, hapo ndipo pa kwenda.

Kuna mtoto anayeshinda kila mara na kuna anayeshindwa kila mara.

Usimpunguzie kasi anayejua. Mpe kazi ya mwamuzi: anashika karatasi ya majibu na haruhusiwi kucheza raundi hiyo. Kuwa mwamuzi kunamlazimu kueleza, na hapo utagundua kama anaelewa au amekariri. Kwa upande wa pili, wanaochechemea wacheze wawili wawili kama mchezaji mmoja. Acha pia bahati kidogo kwenye mchezo. Kadi moja ya "chukua mbili" humfanya mnyonge ashinde mara moja kati ya tano, na hiyo mara moja ndiyo itakayomrudisha wiki ijayo.

Kundi zima likikubaliana jibu lisilo sahihi?

Hili ndilo tatizo kubwa la kadi, na wanaozipigia debe hawalisemi. Watoto wanne waliokubaliana kwamba 7 × 8 ni 54 watarudia kosa hilo mara sita katika robo saa, na litaganda. Kinga ni mbili. Ya kwanza ni karatasi ya majibu mkononi mwa mwamuzi, niliyoitaja hapo juu. Ya pili ni zile dakika 5 za mwisho: kila kundi lilete mbele kadi moja iliyoleta ubishi. Unazibandika ubaoni, mnazijadili. Mimi nikibanwa na muda nafupisha mchezo. Dakika hizi tano sizigusi.

Nizawadie washindi?

Makofi yanatosha. Usitoe pipi, daftari wala pesa. Kitu kikishindaniwa mezani, watoto huacha kujadili na kuanza kuiba kadi, na wewe unampa mzazi wa lile swali la kamari ushahidi wake.

Mchezo nauandikaje kwenye andalio la somo? Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akiingia je?

Uandike kwa lengo lake. Usiandike "wanafunzi watacheza kadi". Andika "katika makundi, wanafunzi watalinganisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti kwa kutumia kadi na kueleza sababu". Kwenye zana, taja idadi ya seti. Mthibiti ubora akiingia, mwache akae kwenye kundi. Aliyekuja kwangu mwaka juzi aliokota kadi tatu mfululizo kwenye mchezo wa ngeli, akaondoka anacheka.

## Hali za pekee

Mzazi amekuja kulalamika kwamba nafundisha kamari.

Msikilize, ana hoja. Kwenye mitaa yetu mingi karata na dau ni mtu na kivuli chake, na katika familia nyingi za Kiislamu na Kikristo karata haziingii nyumbani kabisa. Mkaribishe darasani aone. Tumia kadi za kutengeneza, zisizo na kopa wala shupaza, ziite "kadi za somo", na usiruhusu dau la aina yoyote, hata la penseli. Kama shule yenu ni ya taasisi ya dini, ongea na uongozi kabla ya kuanza. Mara nyingi pingamizi ni la picha zile za dukani, na ukiziondoa hakuna ugomvi.

Nina mtoto mwenye uoni hafifu, na mwingine ni kiziwi.

Kwa uoni hafifu: herufi nene, nyeusi kwenye nyeupe, kadi ya ukubwa wa nusu daftari, na mtoto akae mahali mwanga unatoka nyuma yake. Usitegemee rangi pekee kutofautisha chanya na hasi, weka na alama. Kwa asiyeona kabisa, toboa nukta nundu kwa msaada wa mwalimu mwenye ujuzi huo, na ukate kona moja ili ajue upande wa juu.

Kwa kiziwi, michezo ya kadi ni neema, kwa sababu mengi yako mezani. Weka tu kanuni kwamba mtu haongei mpaka aguse kadi anayoizungumzia.

Mwanafunzi wa darasa la tano hajui kusoma. Atachezaje?

Usimweke mwamuzi wala usimwache mtazamaji. Mtengenezee seti ya silabi acheze na wawili wanaofanana naye, wakati uleule wenzake wanapocheza. Akiwa na kadi mkononi kama wengine, hakuna anayeuliza anacheza nini.

Naweza kumpa mtoto kadi akajisomee peke yake?

Ndiyo, kwa njia ya Sebastian Leitner, mwandishi aliyeieneza mwaka 1972. Boksi lina vyumba vitano. Kadi zote zinaanza chumba cha kwanza, ukipatia inasonga mbele, ukikosea inarudi mwanzo. Chumba cha kwanza kinapitiwa kila siku, vya mbele kwa nadra zaidi. Boksi la viatu na vipande vinne vya kadibodi vinatosha.

Alama za mchezo ziingie kwenye maendeleo ya mwanafunzi?

Zisiingie. Ukishaziandika, ule uhuru wa kukosea umekwisha.

Wameuzoea mchezo mpaka unachosha. Nitengeneze mwingine?

Wape kadi tupu watengeneze wao. Kila kundi liandike kadi kumi za kuwatega kundi jingine, pamoja na karatasi ya majibu. Anayetafuta swali la kumkwamisha mwenzake anasoma kitabu kuliko nilivyowahi kumlazimisha.

Kundi moja lilinijia na kadi ya "maji". Mwenzao alikuwa ameipigia WINGI, na wao wakataka kujua umoja wake uko wapi. Nikawaambia haupo, waitafutie ndugu. Wakarudi na mafuta, mate, manukato na maziwa. Kwenye maziwa wakagawanyika tena: ya ng'ombe hayana umoja, lakini ya Victoria na Tanganyika, kila moja ni ziwa. Kengele ya mapumziko ikalia, hawakutoka.